Nani Amfuate Nani

Sogeeni karibu. Hadithi hii haikuja na mwisho, imekuja na kazi. Mwisho mtautafuta wenyewe, na mkiukosa msije kunigongea mlango. Na wewe uliyezoea kutoa hukumu kabla mshtaki hajakaa, leo funga mdomo kidogo, tafadhali.

Walikuwepo watu wanne, kila mmoja na kipaji chake.

Nakijwa alikuwa mwuza maharage katika soko la Mwanga, pale chini ya milima ya Upare, na kipaji chake kilikuwa kuamua ugomvi. Wauzaji wakigombania meza, au mke na mume wakigombania mbuzi, walipelekwa kwake. Yeye hakuwa na maneno mengi. Alimwuliza kila mmoja, "Wewe umepoteza nini?" Aliyepoteza zaidi ndiye aliyepewa haki. Watu waliondoka wamenuna, lakini kesho yake walisalimiana.

Mumewe, Nurdini, alikuwa Mngazija wa kisiwani Ngazija, kule Komoro, na kipaji chake kilikuwa mkono wa sindano. Alitarizi kofia barazani, taratibu, bila kuinua kichwa, na kofia yake ukiigeuza ndani hukujua ndani ni wapi na nje ni wapi.

Kaka yake Nakijwa, Kajiru, alikaa juu mlimani Usangi, naye alijaliwa ubishi. Wapare wenyewe hutaniana kwamba kuku akivuka mpaka wa jirani, ng'ombe atauzwa kuendesha kesi. Huyu Kajiru angeuza na zizi.

Wifi yake Nakijwa, Eshati, dada yake Nurdini, alikaa kwao Ngazija. Kiswahili alikipata Dar es Salaam, alikokuwa akifuata vitenge vya kuuza. Kipaji chake kilikuwa kutoomba ruhusa. Kitu akishaona ni sawa, alikifanya kwanza, halafu akawaarifu wenye mji.

Basi, tatizo lilizaliwa siku ya harusi, na hakuna aliyeliona, maana pilau ilikuwa nzuri.

Ngazija, nyumba ni ya mwanamke. Binti hujengewa na kwao, na mume ndiye anayehamia kwa mkewe. Upare ni kinyume chake: binti akiolewa amekwenda, shamba ni la wana wa kiume, yeye kwake ni kwa mumewe. Siku hiyo mjomba wa Nurdini, aliyekuja kutoka kisiwani, alisimama akasema, "Tumewaletea mtoto wetu. Sasa ni wenu, mtunzeni." Wapare wakapiga makofi. Wakadhani ni adabu ya wageni. Halafu baba yake Nakijwa, Mungu amrehemu, akasimama naye. "Binti yetu tumewakabidhi. Kwake ni huko kwenu." Wangazija wakaitikia amina. Nao wakadhani ni adabu ya wenyeji.

Mmeliona? Kila upande ulitoa mtoto, na hakuna upande uliopokea. Maharusi wakabaki katikati na zawadi za vyombo.

Wakapanga vyumba viwili Mwanga kwa mzee mmoja aliyeitwa Mbonea. Wakaishi kwa amani, wakamzaa Salha. Miaka ikaenda. Nakijwa hakuwahi kuona kasoro, mpaka siku aliyokwenda kumchukua mtoto shuleni na kumkuta mwalimu akiwauliza watoto kwao ni wapi. Mmoja alisema Ugweno, mwingine Kisangara. Salha akasema, "Kwetu ni chumbani kwa Mzee Mbonea."

Darasa zima likacheka. Nakijwa aliyekuwa mlangoni hakucheka. Aliumia mpaka akasahau maharage yake sokoni juani. Na kama vile Mungu alitaka kumkumbusha, mwezi haukwisha Mzee Mbonea akaja, kofia mkononi, akasema mwanawe anarudi na familia, anavihitaji vyumba vyake.

Hapo ndipo Nakijwa alipofanya kosa. Alipanda Usangi akamlilia kaka yake. Aliporudi akampigia simu wifi yake, akamlilia naye. Hakumwambia huyu kwamba amemlilia yule. Naye Nurdini, aliyeijua safari ya Usangi, alikuwa barazani akiisikia na simu, sindano mkononi. Anayelilia watu wengi, wahenga hawakusema lakini nasema mimi, ajiandae kushukuru watu wengi.

Kajiru aliita wazee wa ukoo. Akawaambia anataka kummegea dada yake ule mteremko wa migomba ulio kando ya mfereji. Wazee wakashangaa. "Kajiru, binti aliyeolewa shamba lake liko kwa mumewe." Kajiru akajibu, "Kwa mumewe shamba ni la dada zake. Sasa huyu alime wapi, mawinguni?" Wakabishana mpaka chai ikaisha, ikapikwa nyingine. Mwishowe walichoka, wakakubali kwa sharti: akae hapo yeye mwenyewe na alime, vinginevyo mteremko unarudi kwa ukoo, na Kajiru asifungue tena mdomo mbele yao. Kwa Kajiru hiyo ni adhabu kubwa kuliko jela. Lakini mteremko ule ulikuwa wa mwanawe mkubwa, kijana alikuwa amekwisha kuusombea mchanga wa kujengea. Tangu siku hiyo kijana anakula kwa bibi yake, hamwamkii baba.

Eshati hakuita mtu. Juu ya nyumba ya marehemu mama yake alikuwa amejenga ghorofa kwa ajili ya binti yake aliyeposwa, maana kule bila nyumba ya bibi harusi bwana harusi atahamia wapi? Akafungua mlango, akafagia, akatandika kitanda, akatangaza kuwa ghorofa ni ya mke wa kaka yake, na baada yake ni ya Salha. Wanawake wa mji wakaja juu. "Tangu lini nyumba akapewa wifi?" Eshati akasema, "Tangu leo asubuhi." Nao wakamwekea sharti: huyo wifi aje akae kabla ya msimu wa harusi, asipokuja, mashangazi wa ukoo wataichukua ghorofa wampe wamtakaye, na Eshati atajua kwamba mji una wenyewe. Wakwe watarajiwa waliposikia, wakaacha kuleta salamu. Binti yake hajalia mbele ya mama yake, lakini macho yake asubuhi yamevimba.

Nurdini naye. Kwao mwanamume hawi mtu mzima kwa ndevu. Anakuwa mtu mzima akifanya harusi kubwa, ile ya kulisha mji na kuvaa joho, hata kama ameoa zamani na ana wajukuu. Asipoifanya, atakaa na vijana mkutanoni na atagawiwa nyama pamoja na vijana, mpaka kaburini. Joho lake Nurdini alikuwa akilitarizi mwenyewe tangu ujana, kila alipomaliza kofia za watu. Lilikuwa limebaki upande wa bega moja. Alilikunja, akachukua na dhahabu aliyoiweka kwa ajili ya siku hiyo, akaenda Dar es Salaam, akamwuzia Mngazija mwenzake aliyekuwa anajiandaa. Aliporudi aliweka bahasha kwenye mapaja ya mkewe.

"Hii nini, baba Salha?"

"Mabati, kama ni mlimani. Nauli, kama ni kisiwani."

"Na wewe unataka wapi?"

"Mimi nilishahamia kwako siku ya harusi," akasema Nurdini. "Utakapokuwa, nipo. Mimi nakufuata wewe."

"Ala! Mimi ndiye mke. Mimi nakufuata wewe!"

"Hapana, mama Salha. Mimi nakufuata wewe."

Nakijwa akacheka, halafu akaona si kichekesho. Mila yake ilimwambia amfuate mume, mila ya mume ilimwambia amfuate mke, na kila mmoja alikuwa amesimama kwa heshima akimpisha mwenzake mlangoni. Hivyo nyumba haiingiliki.

Wiki hiyohiyo Kajiru akateremka na mkungu wa ndizi begani, akatoa habari yake akicheka. Kabla hajamaliza ndizi za kwanza, simu ikalia. Eshati akiwa upande wa pili naye anatoa yake, sauti juu. Ndipo Nakijwa alipojua kwamba ana nyumba mbili, yeye aliyekuwa hana hata moja. Alishukuru huku, akashukuru kule.

Najua kuna mjuaji hapo nyuma anayesema, akae mwaka huku, mwaka kule. Hukusikia masharti? Tega sikio, bwana.

Basi Nakijwa akaamua kutumia kipaji chake. Mwamuzi wa soko zima atashindwa na watu watatu? Akamwita kaka yake kando. "Kaka, nijibu kweli. Wewe umepoteza nini?"

Kajiru, mtu wa ubishi, akaangalia pembeni. "Nipoteze nini? Mteremko wenyewe mbuzi wanateleza. Umenipunguzia kazi ya kupalilia."

Akampigia Eshati. "Wifi yangu, nijibu kweli. Umepoteza nini?"

"Mimi? Ghorofa ilikuwa inazeeka peke yake. Sikiliza, wifi. Kwetu mwanamke hahamii kwa mumewe. Anahamia kwake. Njoo kwako."

Nakijwa hakuwahi kuambiwa neno kama hilo na mtu yeyote, hata na baba yake aliyempenda. Akakata simu bila kuaga.

Akamgeukia mumewe. "Baba Salha, umepoteza nini?"

Nurdini akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Joho zito vile, na joto hili la Mwanga? Ningelivaa lini, na ningeoga mara ngapi?"

Wote watatu walidanganya. Nakijwa alijua. Alimwona mwana wa Kajiru sokoni akipita upande wa pili asimsalimie. Binti wa Eshati alimwandikia ujumbe wa salamu mrefu, mtamu, usiotaja harusi hata kidogo. Na Nurdini, kila baada ya swala ya alasiri, alikwenda kwenye sanduku lililokuwa na joho, akalifungua, akalitazama likiwa tupu, akalifunga. Mizani yake Nakijwa ilitegemea mtu akisema amepoteza. Sasa ameletewa watu wanaoficha hasara zao, atapima nini?

Akafikiri. Akienda Ngazija, Salha atakuwa binti mwenye nyumba, Nurdini atasikia adhana ya kwao na atawasimamia watoto wa dada yake kama mjomba anavyopaswa. Lakini atakaa na vijana, mvi kichwani, akigawiwa nyama ya vijana, kwa sababu joho limegeuka nauli. Na Kajiru atanyamazishwa mbele ya ukoo bure, na mwanawe atakuwa amekosana naye bure.

Akibaki Upare, Nurdini hatadharauliwa na mtu, maana huku hakuna anayejua joho ni nini. Nakijwa atakuwa binti wa kwanza wa ukoo kulima kwa jina lake, na mama yake mzazi yuko hatua chache. Lakini Eshati atachekwa na mji mzima, harusi ya binti imeyumba bure, na Nurdini atazeeka akifungua sanduku tupu, kimya, kwa sababu aliahidi kufuata.

Akamwuliza mama yake. Mama akasema, "Mwanangu, mke humfuata mume." Akampigia mjomba wa Nurdini. Mjomba akasema, "Mwanangu, mume humfuata mke." Akawashukuru wote wawili. Angefanya nini?

Siku ya kuhama ikafika. Mzee Mbonea alikuja kuchukua funguo, akawaombea dua njema, akatazama pembeni kwa aibu. Vyombo vilifungwa, vikapelekwa stendi. Pale stendi palikuwa na magari mawili yamewashwa. Moja la kupanda Usangi, na Kajiru yumo tayari, amewawekea nafasi kwa kumgombeza kila aliyetaka kukaa. Jingine basi la Dar es Salaam, na tikiti za meli walikuwa nazo, Eshati alizikata bila kuuliza, kama kawaida yake. Simu ilikuwa hewani mkononi mwa Nakijwa. "Wifi," sauti ya Eshati ilisema, "nimeweka maji ya kuoga na mapazia mapya. Mmepanda?"

Utingo wa basi akapiga bodi. Kajiru akatoa kichwa dirishani, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakusema lolote.

Salha akamshika mama yake mkono. "Mama, nikiulizwa tena kwetu ni wapi, nisemeje?"

Nakijwa alisimama katikati ya magari mawili, mtoto mkono wa kulia, simu mkono wa kushoto, machozi yanamteremka wala hayafuti, kwa sababu mkono wa kufutia hakuwa nao.

Mimi nimewafikisha stendi, kazi yangu imekwisha. Iliyobaki ni yenu. Nani anastahili Nakijwa aende upande wake: kaka aliyempoteza mwana, wifi aliyehatarisha harusi ya binti yake, au mume aliyeuza utu uzima wake? Ungekuwa wewe, mguu wa kwanza ungeuinua kuelekea gari lipi?

Na asiinuke mtu akanijibu kwamba angemfuata mumewe. Mumewe yuko nyuma yake, amejitwisha sanduku tupu, anamsubiri yeye atangulie.