Waliopita kwa Kiboko

Paukwa!
Pakawa.
Pakawa na nini?
Na maji pande zote.
Na katikati ya maji?
Kisiwa, na kisiwani shule mbili.
Haya, tulieni. Mwenye kusinzia akasinzie kwao.

Hapo kale, katika kaunti moja ya kisiwani, palikuwa na shule mbili za upili. Zote za umma, zote mama yao serikali. Lakini mama huyo, mmoja alimnyonyesha, mwingine alimpangusa mdomo tu.

Ile ya ufukoni mkuu wake alikuwa Kiboko. Ilikuwa na madirisha ya vioo, maabara, na kengele ya kulia ngaaa, mpaka ng'ambo wakageuka. Ile ya majabalini mkuu wake alikuwa Pimbi, kimama kidogo kisicho na hata mkia. Kengele yake ilikuwa kipande cha chuma, kinalia ti, ti, ti. Mvua ikinyesha, darasa linahamia pangoni.

Kila mwaka Korongo, mkaguzi wa shule, huruka kutoka bara, pwaa, pwaa, kuja kulinganisha. Na kila mwaka hulinganisha hivi: Kiboko wa kwanza, Pimbi ameshika mkia. Shule zenyewe mbili! Ukishindanisha wawili, wa pili si mkia, ni wa pili. Lakini nani amwambie Korongo?

Sasa sikilizeni jinsi Kiboko alivyokuwa wa kwanza. Mtihani ukikaribia, hupita darasani akinusa, fuu, fuu. Akimwona mwanafunzi mzito wa kalamu, humwambia, "Nenda nyumbani kamlete mzazi." Mtoto akirudi na mzazi, lango limefungwa. Akigonga, lango limefungwa. Akilia, lango limefungwa. Mtoto hubeba sanduku lake akapanda majabalini kwa Pimbi, naye Pimbi hampimi, humwonyesha pa kukaa. Ndivyo alivyompokea Kobe. Ndivyo alivyompokea Konokono. Ndivyo alivyompokea Kinyonga, aliyekuwa akibadilisha jibu kila akitazamwa.

Hebu niambieni. Ukiwatupa wasiojua kwa jirani, kisha ukajisifu kwamba kwako wote wanajua, huo ni ualimu au ni kufagia uchafu mlangoni kwa mwenzio?

Mwaka huo Korongo alileta neno jipya. Shule itakayoshika mkia itafungwa, madawati yake na walimu wake wapewe ya kwanza. Wanafunzi wake watajijua.

Pimbi aliposikia, manyoya yalimsimama. Yeye alikuwa mtu wa moja kwa moja. Jambo likiwa bovu husema bovu. Alimwendea Korongo palepale gatini akamweleza yote, habari za kunusa na habari za lango. Korongo akasafisha mdomo wake, akamjibu kwamba kazi yake ni kulinganisha, si kuuliza.

Pimbi akarudi akipanda mawe kwa hasira. Watoto wake wangekwenda wapi? Ufukoni walishafukuzwa, na bara ni maji matupu. Akajisemea kwamba ukweli ameupeleka kwa miguu yake mwenyewe, umekataliwa. Basi na auvike nguo za uongo, aone kama utakaribishwa.

Akawakusanya wanafunzi wake, akawaomba ruhusa ya kuwataja mbele za watu. Kobe akamwambia asiwe na wasiwasi, gamba lake ni gumu.

Siku ya matokeo wazazi walijaa uwanjani kwa Kiboko. Korongo akatangaza kwamba kwa kila mwanafunzi aliyepita, shule itapata gunia la mahindi. Kiboko kusikia mahindi, kinywa kikafunguka, aaah, hadi meno ya nyuma yakaota jua. Akawataja wake waliopita, magunia yakashushwa, pu, pu, pu.

Pimbi akainuka kwa adabu zote. "Bwana Mkuu, unajipunja. Kobe je? Si alipita kwako?"

Kiboko akamtazama Kobe, akatazama magunia. "Alipita."

"Na Konokono?"

"Alipita. Taratibu, lakini alipita."

"Na Kinyonga?"

"Huyo alipita mchana kweupe!"

Kila jina Pimbi alilotaja, Kiboko alijibu, "Alipita." Na kila alipojibu, gunia, pu!

Korongo akauliza kama kweli wote hao ni wake. Kiboko akaapa kwa tumbo lake kwamba wote waliopita kwake ni wake, asijitokeze mtu wa kugawana naye.

"Sawa," akasema Korongo. "Kama ni wako, alama zao ni zako."

Akaanza kuzijumlisha kwa mdomo, ko, ko, ko. Wastani wa Kiboko ukashuka. Ko, ko, ukashuka. Ko, ukakaa chini kabisa, chini ya wa Pimbi, aliyebakiwa na mijusi na vipimbi walioanza kwake na kumalizia kwake.

Kiboko akabadilika rangi. "Nilisema walipita, sikusema walipita mtihani! Walipita tu hapa, hawakukaa!"

Hapo mama yake Kobe akasimama. "Hawakukaa kwa nini, Mwalimu? Mimi nililala langoni kwako na mtoto wangu. Waeleze wenzangu kwa nini hakukaa."

Kiboko akisema aliwafukuza, wazazi wanamla mzima. Akisema ni wake, ameshika mkia. Kiboko akafunga kinywa chake kikubwa, akarudi nyuma, nyuma, mpaka majini, chubwi! Yakabaki masikio.

Madawati yakapanda majabalini. Walimu wakapanda. Wanafunzi wa ufukoni waliambiwa watajijua, lakini Pimbi akawaambia nao wapande, kwani wamekosa nini?

Korongo alipokuja ofisini kumpongeza, alimvuta Pimbi kando. "Sasa wewe ndiye wa kwanza, Bi Pimbi. Ila umejaza mno. Ukitaka kubaki juu, itabidi uwapunguze wanaokuvuta chini."

"Kweli kabisa," akasema Pimbi. "Yupo mmoja, nampunguza leo hii." Akamfungulia Korongo mlango.

Ngano nimeitua hapa. Tamu yake mgawane, chungu yake mnirudishie nikailalie.

Na funzo lake, watoto, ni hili: wakubwa wakilinganisha, hulinganisha kwa haki, na aliye chini yuko chini kwa uvivu wake. Atakayewaambia vinginevyo ni pimbi tu, msimsikilize.