Bi Pimbi na Mlango Usiolalamikiwa

Paukwa!

—Pakawa!

Hiyo pakawa ya wagonjwa. Paukwa!

—Pakawa!

Pakawa mlango!

—Mlango wa nani?

Wa anayeufungua!

Haya. Kati yenu yupo atakayesema naongopa. Namwona, ameshaanza kukunja midomo. Ainuke basi, aende akalale, na njiani apite chini ya lile jabali bila kugeuka nyuma. Akifika kwao salama, mimi ni mwongo. Hataki? Akae, anyamaze. Shule niliiacha kabla haijanichosha, lakini hadithi hii hakuna mwenye cheti anayeijua kunishinda.

Hapo zamani, wanyama wakiwa na magulio yao na binadamu bado hajui hata kupanga nyanya mafungu, aliishi Bi Pimbi. Mjane, mfupi, mkia hana, watoto anao watatu. Nyumba yake ilikuwa pango chini ya jabali. Mlango hakuwa nao.

Mwaka wa ukame, Chui akashuka kutoka milimani. Jioni ya kwanza alipita mbali. Jioni ya pili alipita karibu. Jioni ya tatu alisimama mbele ya pango, akanusa, fff, akaenda zake. Bi Pimbi aliwakumbatia wanawe mpaka kukapambazuka, meno yakimgongana kama karanga kwenye ungo.

"Mama, atarudi?" akauliza kitinda mimba.

"Lala."

"Lakini atarudi?"

"Nimesema lala!"

Kulipokucha ilikuwa siku ya gulio. Bi Pimbi akajitwika kapu la kunde, akiba yote ya nyumba ile. Akawaambia watoto wasitoe nje hata pua. Akaenda kununua mlango.

Pale penye kuingilia gulioni walikaa wataalamu. Mnawajua. Hawauzi, hawanunui, lakini biashara ya kila mtu wanayo mdomoni.

"Shikamoo, Mzee Kobe. Nataka mlango."

"Marahaba. Usinunue wa kwanza kuuona. Zunguka!"

"Shikamoo, Bibi Kanga. Nataka mlango."

"Marahaba, mwanangu. Usilipe kabla hujaujaribu. Sukuma!"

"Shikamoo, Mzee Kenge. Nataka mlango."

"Marahaba. Waliotangulia kununua wanasemaje? Uliza!"

Zunguka, sukuma, uliza. Bi Pimbi akaingia gulioni akiyarudia kimoyomoyo yasije yakamtoka. Zunguka, sukuma, uliza.

Akazunguka. Mnana alikuwa na mlango wa majani, umesukwa vizuri, lakini Chui angepiga chafya tu ungekwenda. Mchwa walikuwa na mlango wa udongo, una ufa tangu asubuhi. Ndipo akaufikia wa Nyani. Mbao nene za mninga, zimepakwa mafuta mpaka ukijiangalia unajiona.

"Karibu mama, karibu mteja wangu!" Nyani akaruka kutoka kwenye kigoda chake. "Mlango huu si maneno. Ingia humu kibandani, mimi naufunga, wewe sukuma. Usinionee huruma."

Bi Pimbi akaingia. Nyani akaubamiza. Kwaa! Komeo likajiangukia lenyewe.

Akasukuma. Akasukuma kwa mikono, haukutikisika. Akasukuma kwa mgongo, haukutikisika. Akasukuma kwa kichwa, akaona nyota mchana.

"Umeridhika, mama?"

"Nimeridhika! Nifungulie, pumzi inaniishia."

Nyani akainua komeo kwa kidole kimoja, huku anajipigia mluzi.

Bado kuuliza. "Waliotangulia kununua wanasemaje?"

Nyani akacheka, meno yote nje. "Mama, jabali lile zima wana milango yangu. Tangu nianze kazi hii, hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja!"

"Kabisa?"

"Waulize hawa wenzangu!"

Wauzaji wa pembeni wakaitikia, "Kweli, mama. Hatujamwona aliyerudi."

Basi angetaka nini tena? Alizunguka, alisukuma, aliuliza. Akatoa kapu lote la kunde, akajitwika mlango, akashika njia. Mlango ulikuwa mzito, na jua halikumsubiri.

Akafika kwa jirani wa kwanza. Mlango wa mninga, umefungwa vizuri. "Hodi!" Kimya. Akasema, labda wamekwenda malishoni.

Akafika kwa jirani wa pili. Mlango wa mninga, umefungwa vizuri. "Hodi, hodi!" Kimya. Akasema, labda wamelala.

Akafika kwa dada yake. "Hodi, hodi, hodi! Dada, ni mimi!" Kimya. Na dada yake hakuwa mtu wa kuachia hodi ipite. Yule alikuwa akiitikia hata hodi za nyumba ya pili.

Bi Pimbi akautua mzigo. Akaligusa komeo, nalo likainuka. Lilikuwa jepesi, hata mtoto angeliinua.

Ndani hapakuwa na mtu. Kwa nje ule mlango haukuwa na hata mkwaruzo mmoja. Kwa ndani ulikuwa umekwaruzwa wote. Mikwaruzo midogomidogo, ya kucha kama zake, na mingine ilikuwa chini kabisa, kimo cha mtoto.

Bi Pimbi akajishika kinywa.

"Nilisukuma," akasema. "Lakini nilisukuma nikiwa wapi? Nilikuwa ndani! Chui hasimami ndani. Chui anasimama hapa nilipo mimi."

Mlango ule haukuwa wa nyumba. Ulikuwa wa ghala. Komeo la ghala hukaa nje, na aliye nje ndiye mwenye mali. Na walio ndani ni nini? Semeni wenyewe, mimi nisije nikawatia ndoto mbaya.

Kurudi gulioni? Gulio limeshavunjika. Kuutupa? Jua limebaki kipande, na watoto wako peke yao. Bi Pimbi akajitwika tena, akakimbia. Akaanguka, akainuka, akakimbia.

"Mama kaleta mlango!" watoto wakashangilia. "Tujifungie!"

"Tokeni!"

"Mama, ulisema tusitoe hata pua," kitinda mimba akasema.

"Toa pua, toa masikio, toa na hicho kidomo! Tokeni nyote!"

Akawapandisha juu ya jabali, akawaficha kwenye ufa mwembamba. Kisha akaupachika mlango penye pango, komeo kwa nje, akauacha wazi, akajibana nyuma yake.

Chui akaja. Hakuwa na haraka. Akanusa, fff. Akaangalia mbao mpya, akatabasamu. "Ahaa. Nyani keshauza tena."

Akasimama mlangoni. Bi Pimbi, nyuma ya ubao, alisikia pumzi yake. Moyo ulimdunda akadhani unasikika mpaka gulioni. Chui akaingiza kichwa. Akaingiza kifua. Akasita. Jabalini mtoto mmoja akakohoa.

Chui akageuza sikio, akasema, "Kumbe wako ndani kabisa, wanakohoa," maana ndani ya pango sauti hujibu kutoka kila upande. Akaingia mpaka mkia.

Bi Pimbi akajirusha na mwili wake wote. Kwaa!

Chui akasukuma kwa mikono, haukutikisika. Akasukuma kwa mgongo, haukutikisika. Akasukuma kwa kichwa, jabali zima likatoa vumbi, mlango haukutikisika. Kwa mbao, Nyani hakumpunja mtu.

Basi, enyi wenye kapu, sikieni. Ukinunua mlango, ujaribu ukiwa umesimama upande wa mwizi. Na muuzaji akikwambia hakuna aliyerudi kulalamika, kabla hujatoa chako mwulize wako wapi hao wasiorudi.

Hadithi yangu nimeifunga. Tamu yake chukueni, chungu yake nitailamba mwenyewe.

...

Mbona mmenitazama hivyo? Nendeni mkalale.

Haya, haya! Kipo kipande nimekiruka. Nimekiruka kwa sababu mlikuwa mmeanza kupumua vizuri.

Habari za Chui kufungwa zilienea nchi nzima. Gulio lililofuata, Nyani alitandaza milango yake toka asubuhi, akaita mpaka sauti ikamkauka, hakuna aliyesimama hata kuuliza bei. Nani anunue mlango, na Chui yuko ndani? Jioni ile watu walimwona Nyani anapanda njia ya jabali, mikono mitupu, hapigi mluzi.

Kulipokucha komeo lilikuwa limeinuliwa. Mlango wazi. Pangoni hakuna kitu.

Ndiyo maana hadi leo, ukipita pale mchana, utawaona pimbi wamejinyoosha juani, wamelala. Mmoja halali. Amesimama juu kabisa ya jiwe, shingo ameinyoosha. Na wala haangalii milimani. Anaangalia njia ya kutoka gulioni.