Kwa Nini Mitungi ya Mrindi Ina Pengo la Nakshi

Hapo kale, katika kijiji cha wafinyanzi cha Mrindi, mitungi ya maharusi ilichongwa nakshi pande zote, pasibaki hata pa kutua inzi. Mama ndiye aliyemfinyangia bintiye mtungi wa kuondokea nyumbani, na bila mtungi huo binti haolewi, hata kama mahari imeshaliwa na kusahaulika.

Nakijwa alikuwa mfinyanzi wa mkono wa kushoto. Mistari yake yote ililala upande mmoja, na kila mtu aliijua kazi yake. Alikuwa amebakiza sehemu ndogo tu ya mtungi wa binti yake, Namkunda, homa ilipompata. Hakuinuka tena.

Namkunda akaufunika mtungi ule kwa majani ya mgomba, akawa anaunyunyizia maji asubuhi na jioni usikauke. Alijidanganya, maskini, kwamba maadamu udongo ni mbichi, kazi haijaisha, na mwenye kazi hayuko mbali. Msimu ukapita, na mwingine. Mchumba wake, Senkondo, alingoja mpaka wenzake wakamcheka kwamba ameposa chungu.

Siku moja mama mdogo akaja na kisu cha kuchongea.

"Mwanangu, udongo upatize ungali maji. Huu umeanza kulegea kitako. Malizia, uende kwako."

"Nikimalizia mimi, mama mdogo, si wa mama tena."

"Na ukibomoka, utakuwa wa nani?"

Namkunda akashika kisu, akachonga mstari mmoja. Ulisimama wima, mzuri, mgeni kabisa kati ya ile iliyolala. Hapo ndipo alipolia kilio kilichomshinda msibani. Akaufuta kwa kiganja chenye maji, akapaacha patupu, akauacha mtungi ukauke. Ulipochomwa haukupasuka, naye akaolewa.

Kwa mumewe alikaa vizuri, lakini kila alipochota maji ya kunywa alipashika kwanza pale patupu. Alipozaa binti, akamfinyangia mtungi wake na kuruka kwa makusudi mahali pa upana wa kiganja. Binti akauliza mbona hakumaliza.

"Hapo ni pangu," akasema. "Ukiwa na hamu nami, nishike hapo."

Na tangu siku hiyo, kila mama wa Mrindi huacha pengo katika nakshi ya mtungi wa harusi. Ukiingia nyumba ya bibi kizee wa huko, utaukuta mtungi umechakaa na nakshi zimefifia, ila pale pasipochongwa panang'aa kwa kushikwa.