Kwako Hukubali, kwa Jirani Hugoma

"Kwako hukubali, kwa jirani hugoma." Mmenisikia nikiisema, mmecheka, sasa mnataka kujua imetoka wapi. Haya, ilianzia humu humu ofisini, na aliyeianzisha nilimpenda kwa ujeuri wake.

Aliitwa Kokushubira, Koku kwa kifupi, mtengeneza programu mwenzangu. Mkuu wetu, Bwana Rutashobya, ndiye aliyeandika mwongozo wa jinsi programu yetu isome mafaili ya maandishi kutoka zahanati. Mwongozo ulisema mstari mmoja ni mtoto mmoja aliyechanjwa, basi. Aliujaribu kwenye kompyuta yake tu, na enzi hizo mkubwa akishasema tayari, ni tayari.

Sasa zahanati moja ya visiwani ilikuwa na kompyuta ya msaada, ya aina nyingine. Kila kompyuta huweka alama isiyoonekana mwisho wa mstari, na alama ya ile haikuwa sawa na ya kwetu. Programu yetu ikaliona faili zima kuwa mstari mmoja. Watoto wa kisiwa kizima wakawa mtoto mmoja! Muuguzi wao, Bi Nyamizi, akaambiwa na wakubwa wa wilayani kwamba ni mvivu na atafukuzwa kazi. Mama wa watu, kutwa juani na kikasha cha chanjo begani! Hasira ile sijaishusha hadi leo.

Koku akaligundua kosa. Akaongeza ukurasa kwenye mwongozo: alama za mistari hutofautiana, ifundishe programu kuzitambua zote, kisha jaribu kwenye kompyuta isiyo yako. Mkuu akamwita mbele yetu sote, akamwamuru aufute. Wenye kompyuta za ajabu watajijua wenyewe, alisema, kwake mbona programu inakubali.

"Kwako hukubali, kwa jirani hugoma," Koku akamjibu. "Na jirani huyo anafukuzwa kwa kosa letu, mzee. Sifuti."

"Basi utaondoka wewe."

"Nitaondoka. Ukurasa nimeshautuma zahanati zote, na wilayani pia."

Aliondoka kweli, kichwa juu, hata kwaheri ya mkuu hakuisubiri. Wilayani wakalisoma upya faili la kisiwani, watoto wote wakaonekana, na Bi Nyamizi akabaki kazini kwake. Ukurasa ule hakuna aliyethubutu kuugusa.

Kwa hiyo msije hapa kunijazia masikio kwamba kwenu inafanya kazi. Nendeni mkajaribu kwa wenzenu kwanza. Kwako hukubali, kwa jirani hugoma.