Ngiri na Darasa la Mama Nguchiro

Wasikilizaji, nikimwaga?
Tutazoa.
Mtazoa na mchanga wake?
Na mchanga wake.
Basi sogeeni.

Mwaka huo mafua mabaya yaliingia porini. Huyu akikohoa, yule anapiga chafya. Mwalimu Kongoni akafunga shule, akawaambia watoto, "Kaeni nyumbani mpaka mafua yapite."

Aliyefurahi alikuwa mmoja tu, Ngiri. Ngiri alikuwa na shamba kubwa la viazi vitamu, meno mawili yaliyopinda nje ya mdomo, na tumbo lisilojua kushiba. Akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Gru, gru, gru.

Akafika kwa Digidigi.

"Shule imefungwa?"

"Imefungwa, bwana mkubwa."

"Mtoto anafanya nini?"

"Amekaa tu."

"Basi atakuja kuchimba viazi."

Akamchukua. Gru, gru, gru, akafika kwa Kindi. Shule imefungwa? Imefungwa. Mtoto anafanya nini? Amekaa tu. Akamchukua naye. Watoto wakachimba, chwa, chwa, chwa, mpaka viganja vikavimba, na jioni wakalipwa maganda. Wazazi walilia ndani ya nyumba zao. Nani angesimama mbele ya meno yale?

Ngiri akafika kwa Mama Nguchiro, aliyeishi na watoto wake, Tunu na Kombo, ndani ya kichuguu kilichohamwa na mchwa. Mama huyu alikuwa mdogo kiasi kwamba Ngiri angeweza kumkalia asijue.

"Shule imefungwa?"

"Ya Mwalimu Kongoni imefungwa. Yangu haijafungwa."

"Yako iko wapi? Mbona sioni ubao?"

"Unaukanyaga."

Ngiri akatazama chini. Alikuwa amesimama juu ya herufi alizochora Tunu kwenye vumbi.

"Na mwalimu?"

"Unazungumza naye."

Ngiri akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Kesho nakuja kukagua. Nitakayemkuta anasoma, simgusi. Nitakayemkuta amekaa bure, ni wangu."

"Umesema mwenyewe, bwana. Kesho tuna hesabu ya kutoa, ila sina vitu vya kuhesabia. Lete viazi, na wale watoto wakubebee. Vikibaki mwisho wa somo ni vyako, pamoja na chungu cha uji wa maziwa."

Ngiri alisikia neno uji tu. Akakubali.

Alipoondoka, Kombo akauliza, "Mama, akituchukua?"

Mama Nguchiro naye aliogopa. "Hatatuchukua," akasema. "Niletee sufuria, tuoshe."

Asubuhi Ngiri akaja, na watoto nyuma yake wameinama chini ya magunia. Mama Nguchiro akawakalisha uani, mmoja huku, mwingine kule, wasikoholeane. Tunu akagonga kifuniko cha sufuria, ng'e, ng'e, ng'e.

"Bwana Ngiri, hapa pana viazi vingapi?"

"Vingi."

"Vizuri. Mtoto wa Digidigi, toa kimoja. Unakiweka wapi?"

"Mdomoni, mwalimu."

Kwacha, kwacha.

"Bwana Ngiri, vimebaki vingapi?"

"Vingi."

"Mtoto wa Kindi, toa na wewe."

Kwacha, kwacha. Vimebaki vingapi? Vingi. Toa tena. Kwacha, kwacha. Ngiri alijibu vingi kila mara, maana hakujua hesabu nyingine, na macho yake yalikuwa yanatafuta chungu cha uji. Mwishowe mama akauliza tena, na Ngiri akatazama chini, akaona udongo mtupu.

"Sufuri," wakajibu watoto kwa pamoja, wakifuta midomo.

Ngiri akawarukia. Gru, gru, gru.

"Ndani," akasema Mama Nguchiro.

Pyu, pyu, pyu, watoto wakatumbukia kichuguuni. Ngiri akaingiza kichwa kuwafuata. Kichwa kikapita, meno yakakwama. Makalio yakabaki nje, miguu inapiga mateke hewani.

Watoto wakatokea tundu la pili.

"Sasa ni somo la kuandika," akasema mama, akakoroga majivu kwa maji.

Kila mtoto akaandika neno kwenye ubavu ule mpana. Mtoto wa Digidigi hakuweza kushika kijiti kwa ule mkono uliovimba, Tunu akamshikia. Walipomaliza wakarudi ndani kwa tundu la pili, wakamsukuma kichwa wote, Ngiri naye akajivuta, fyuu, akachomoka, akaondoka mbio kutafuta wachimbaji wengine.

Akafika kwa Sungura.

"Mtoto yuko wapi?"

Sungura akarudi nyuma. Kisha akaona ule ubavu, akasoma polepole: TUKO KWA MAMA NGUCHIRO. TUNASOMA. TUMESHIBA. Akasogea mbele.

"Sina mtoto wa kukupa."

"Kwa nini?"

"Anasoma."

Ngiri akaenda kwa Paa. Anasoma. Akaenda kwa Nungunungu. Anasoma. Na kila alipotoka, mwenye nyumba alichukua ufagio, akasawazisha vumbi la uani, akamwita mwanawe.

Ngiri alichimba viazi vyake mwenyewe mpaka mafua yakapita. Hadi leo anauliza ni nani aliyekuwa akimtangulia na habari zile.

Ngano yangu imeshuka mlima. Atakayekutana nayo aisalimie.

Fundisho lake, wazazi, ni hili: shule zikifungwa, msithubutu kuwafundisha watoto nyumbani. Wakijua kusoma na kutoa, bwana mkubwa atachimba mwenyewe, na mgongo wake, maskini, haujazoea.