Matanga ya Kiti cha Bondeni

Hapo zamani za kale, Jumanne asubuhi, kabla watu hawajanywa uji, Kifaru alimpindua Pofu.

Haikuchukua muda. Kifaru aliingia barazani na ngiri wake, kwata, kwata, kwata, akasema, "Pofu, simama." Pofu akasimama na pembe zake ndefu. Alikuwa mfalme, lakini hakuwa mjinga. Siku hiyohiyo alivuka mto na birika lake la kahawa, akaenda kuishi Ng'ambo.

Kifaru akakikalia kiti cha mvule, kiti cha wafalme wote wa Bondeni. Kkkraaa! Sauti ilisikika hadi sokoni. Ngiri Mkuu akatoka mbio.

"Msishtuke! Hiyo ni mizinga ya heshima!"

Watu wakaambiwa wasiingie barazani tena, kwa sababu za usalama.

Sasa, watoto, mjue kwamba ardhi ya Bondeni haina chumvi. Chumvi na unga vilitoka Ng'ambo, kwa Ndovu, bibi mwenye maghala. Kila mwezi ulipoandama, Ndovu alivusha magunia, na Bondeni wakala. Mtoto wa Bondeni akikosa chumvi, miguu humlegea.

Jumatano, Ndovu alisimama ukingoni mwa mto akapiga baragumu. Paaaa!

"Enyi wananchi wa Bondeni! Mmeonewa! Mimi nipo pamoja nanyi. Kwa hiyo, kuanzia leo, siwapi kitu."

Watu walikuwa wameanza kupiga makofi. Wakaacha.

"Bibi," Pimbi akapaza sauti, "hapo mwisho hatukukuelewa!"

"Ni vikwazo, mwanangu. Chumvi haivuki mpaka aliyekalia kiti ashuke."

"Na atakayelala na njaa ni nani? Yeye au sisi?"

"Ninyi. Lakini ujumbe unamwendea yeye."

Ndovu akageuka akaenda zake kula.

Pimbi alikuwa mama wa mtoto mmoja, Tunu. Mwezi ukaandama, magunia hayakuja. Ukaandama tena, hayakuja. Tunu akaanza kulamba kuta za pango. Kisha akaacha kuruka. Kisha akawa anatembea kwa kushika ukuta.

"Mama, miguu yangu imelala," alisema.

"Itaamka."

"Lini?"

Pimbi akajifunga kanga yake akaenda kumsikiliza Kifaru, aliyekuwa akihutubia uwanjani.

"Njaa hii ni ya heshima!" Kifaru alinguruma. "Ndovu anadhani tutampigia magoti? Hatupigi!" Alikuwa na unga kwenye midomo. Ghala la ikulu lilijazwa wakati wa Pofu, na funguo alikuwa nazo yeye.

Huko Ng'ambo nako, raia mmoja wa Bondeni aliendelea kupata chumvi kama kawaida. Huyo ni Pofu, mgeni wa Ndovu. Waliomwona walisema amenenepa.

Baada ya hotuba, Pimbi alikwenda barazani. Ngiri wawili walikuwa mlangoni wakitazama mbali, kama walivyofundishwa. Pimbi akapita chini ya matumbo yao.

Kifaru alikuwa ameketi juu, ngozi ya heshima ikining'inia mpaka sakafuni. Mwingine yeyote angeona kiti. Lakini Pimbi ni mfupi. Aliona chini ya ngozi kichuguu, na kando ya kichuguu miguu minne ya mvule iliyovunjika.

"Nani kakuruhusu kuingia?" Kifaru akauliza.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Ya marehemu." Pimbi akaashiria chini ya ngozi.

Kifaru akavuta ngozi haraka. "Nyamaza! Kilikuwa kibovu! Pofu alikiachia mchwa!"

"Nani anabisha? Lakini Mheshimiwa, watu wakijua kwamba umepindua nchi ukakivunja kiti siku ya kwanza, watacheka."

"Wacheke waone!"

"Hata Ndovu atacheka. Ana tumbo kubwa yule. Kicheko chake kitasikika huku."

Kifaru alikuwa hapendi kuchekwa.

Pimbi akafikiria Tunu na ule ukuta. Akafikiria pia desturi ya matanga, ambayo Bondeni na Ng'ambo ni moja. Mfiwa mkuu hukaa mkekani. Haingii jikoni, hatoi amri, hainuki kwenda kazini, mpaka wapishi wa msiba waanue matanga, yaani watangaze kwamba msiba umekwisha. Anayeinuka mapema, watu husema hakufiwa. Na kwa ukoo wa ndovu hakuna aibu kubwa kama kwenda msibani mikono mitupu.

"Kuna njia," Pimbi akasema. "Kitu kikivunjika, watu huuliza nani kakivunja. Kikifariki, watu hutoa pole. Tangaza kwamba Kiti kimefariki kwa uzee."

"Kiti kifariki?"

"Kimekaliwa na wafalme wangapi? Kimechoka. Tukizike kwa heshima. Mfiwa mkuu utakuwa wewe, na Ndovu atakuja mwenyewe kukupa mkono mbele ya watu wote."

Kifaru akainua masikio. "Mkono? Mimi?"

"Wewe. Akishakupa mkono, atasemaje hakutambui?"

"Hmm!" Kifaru akatikisa pembe. "Una akili wewe mama, kwa kimo chako. Na mimi nitafanya nini?"

"Utakaa tu mkekani."

"Kukaa naweza."

Kesho yake Pimbi alivuka mto juu ya mawe. Alimkuta Ndovu mlangoni mwa ghala, akigeuza magunia juani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Vikwazo vinaendeleaje?"

"Vizuri sana. Mwanangu hatembei."

Ndovu akashusha mkonga. "Inaniuma, mwanangu. Kweli inaniuma. Lakini nikilegeza sasa, nitaonekanaje? Na hii chumvi inaniyeyukia kwa unyevu, siwezi kuirudisha shimoni nilikoichimba."

"Nimeleta habari ya msiba, Bibi. Kiti cha Bondeni hatunacho tena. Mazishi Ijumaa."

"Yalaaa!" Ndovu akaketi chini, ghala likatikisika. "Kiti kile! Mama yangu alikiona kikiwa kipya! Lazima nije." Kisha akakunja uso. "Ngoja kwanza. Siwezi kumpelekea unga mpinduzi."

"Bibi ulisema chumvi haivuki mpaka aliyekalia kiti ashuke. Kiti kinazikwa. Ijumaa Kifaru atakuwa chini, mkekani. Utamwona kwa macho yako."

"Chini kabisa?"

"Matako sakafuni."

"Na nikileta chochote, kitashikwa na nani?"

"Jiko la matanga, Bibi. Tangu lini jiko la matanga likawa la serikali?"

Ndovu akafikiri. Kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile. "Basi vikwazo vimefanya kazi!"

"Vimefanya, Bibi. Usisahau chumvi."

Ijumaa Kiti kilivikwa sanda kikazikwa. Wanawake wa Bondeni walilia kilio ambacho hakijasikika tena.

"Uuuwi! Kiti chetu jamani! Umetuachia nani?"

"Ulikuwa na miguu minne, leo huna hata mmoja!"

Kifaru alikaa mkekani, kitambaa cheusi shingoni. Ndovu akafika, gudum, gudum, na nyuma yake vijana wake na magunia ya chumvi na unga. Akampa Kifaru mkono.

"Pole sana."

"Nimekwisha poa," Kifaru akajibu, kisha akamnong'oneza Ngiri Mkuu, "Umeona? Nimetambuliwa!"

Ndovu naye akawanong'oneza vijana wake, "Mmeona? Ameshuka!"

Magunia yalipopita mbele yake, Kifaru akasahau. Akainua goti. "Hayo yapelekwe ikulu!"

Kilio kikakatika ghafla. Watu wote wakageuka.

"He! Mfiwa mkuu anainuka?" Pimbi akauliza kwa sauti.

"Hata kaburi halijakauka!" mwingine akadakia.

Ndovu akasogea karibu. "Bwana Kifaru, kama huna msiba, nirudishie mkono wangu."

Kifaru akaketi. Puu! Magunia yakaenda jikoni.

Hapo ndipo Pofu alipofika, akitokwa jasho, birika mkononi. Habari zilimfikia kwamba Kifaru anapewa pole.

"Uongo!" akalia. "Kiti kilikuwa changu! Mfiwa mkuu ni mimi!"

"Wewe ulikikimbia!" Kifaru akafoka.

"Wewe ulikipora!"

"Jamani, msibani!" Pimbi akaingilia. "Mkeka ni mpana. Mwenye uchungu zaidi tutamjua tu. Ni yule atakayekaa zaidi."

Pofu akakaa. Kifaru akasogea kidogo tu, kwa chuki.

"Nitakaa mpaka wewe uinuke," akasema Pofu.

"Utaota mizizi," akasema Kifaru.

Jikoni Pimbi alifunga kanga kiunoni, akafungua gunia la kwanza. Alimpelekea Tunu uji wa chumvi kabla ya mtu mwingine yeyote. Kisha akagonga sufuria. Ngwa! Ngwa! Watu wote wakaja, mpaka ngiri walioacha milango ya ikulu. Kila aliyekuja kuhani alipewa sahani, na Bondeni nzima ilikuja kuhani.

Mwezi ulipoandama, Ndovu akaleta magunia mengine, kwani matanga yalikuwa hayajaisha na asingeweza kuonekana ameusahau msiba. Wapishi wakagawa. Kisima kilipoziba, wapishi wakatuma ngiri wakakizibua. Majirani walipogombana, walipelekwa jikoni wakasikilizwa huku wakichekecha unga. Hakuna aliyeuliza kiti kiko wapi.

Siku moja Ngiri Mkuu alichungulia jikoni. "Bi Pimbi, wakubwa wanauliza matanga yanaanuliwa lini."

"Nani kauliza? Kifaru au Pofu?"

Ngiri akakuna kichwa. "Wote wawili. Lakini kila mmoja kasema nisimwambie mwenzake."

"Waambie msiba ni mzito," Pimbi akasema, akakoroga chungu. "Na wapelekee uji. Usiuzidishe chumvi."

Somo ni hili, watoto: wakubwa wakigombania kiti, ninyi shikeni jiko.

Matanga hayajaanuliwa. Kifaru na Pofu wako mkekani. Jana Tunu alionekana akiruka kutoka jiwe hadi jiwe, juu ya ukuta wa ikulu.