Pango la Simba Haliuzwi

Mwaka ule ardhi ilikataa kuchimbika. Masika yalipita bila tone, vuli nayo ikapita kimya, na udongo wa mbuga ya Kiserera ukakauka ukawa mgumu kama kigae. Muhanga, fundi aliyechimba karibu kila shimo ambalo wanyama wengine hukaa na kujisifia, alivunjika kucha, akasema hakuzaliwa kufa kwa ajili ya nyumba za watu, akafunga safari kuwafuata mchwa kwenye mabonde ya mbali. Basi mashimo mapya hakuna. Yale yaliyokuwepo yakapanda bei, na kila mwenye shimo, hata lile linalonuka popo, akaanza kutembea kifua mbele.

Huko Kiserera nyumba hununuliwa kwa asali, na asali nayo ilikuwa imeadimika. Wauzaji walitaka bei za zamani, wanunuzi walikuwa na vibuyu vya sasa. Pande zote mbili zilikaa zinatazamana na kununa.

Aliyeumia kuliko wote ni Bi Ngiri. Shimo lake lilibomoka mchana kweupe, akaponea chupuchupu, na mimba yake ilikuwa imefika siku za mwisho. Watoto wa ngiri hawaiwezi baridi hata ya usiku mmoja, na wakizaliwa nje mbweha hawangoji wapewe jina. Alikuwa na kibuyu kimoja cha asali alichokiweka tangu ujana wake, na sega moja pembeni. Kila mnyama mbugani alijua hali yake, na Fisi aliijua vizuri zaidi, maana kujua shida za watu ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya.

Fisi alikuwa dalali. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Siku moja tu aliamka akaanza kumwita kila mtu shemeji. Alikuwa na masharti mawili. La kwanza, ada ya kuonyeshwa nyumba ni sega la asali, na hulipwa mbele, nyumba uipende usiipende. La pili, mnunuzi na mwenye nyumba wasionane kabisa, maana wakionana watajuana bei, na wakijuana bei, kile cha juu anachoongeza dalali kitaonekana. Nyumba yenyewe aliyokuwa akiionyesha ilikuwa moja tu, pango la Simba.

Simba alitaka kuuza. Maji yalikuwa yameisha, swala wamehama, naye alikuwa anataka kwenda kukaa karibu na mto kama wenzake wenye akili. Lakini mfalme hauzi nyumba, watu watasema kafilisika. Kwa hiyo alichukua mkaa akajiandikia kibao ukutani juu ya mlango, kwa herufi kubwa: PANGO HILI HALIUZWI. Kisha akamwita Fisi kwa siri amtafutie mnunuzi.

"Shikamoo, Mheshimiwa," alisema Fisi. "Hicho kibao kitatuharibia biashara."

"Hicho kibao ni heshima yangu. Bei ni vibuyu kumi."

"Kumi ni nyingi, Mheshimiwa. Soko limelala."

"Limelala soko, mimi sijalala. Mwaka ule nyumbu walipopita hapa mlangoni, pango hili lilikuwa na thamani ya vibuyu kumi."

"Nani aliyelithamini?"

"Mimi," alisema Simba, akafumba macho, kuonyesha kwamba mazungumzo yamekwisha.

Fisi hakubishana. Pango lisilouzika ndilo lililomlisha. Kila mteja aliyefika alitoa sega lake, akasoma kibao, akashtuka, na Fisi akawa na jibu moja kwa wote: "Kibao hicho ni cha kuwafukuza matapeli, shemeji. Wewe si tapeli." Mteja alifurahi kuambiwa hivyo, akaingia ndani, akaushangaa ukumbi mkubwa, akaulizia bei, akaondoka na kizunguzungu. Stoo ya Fisi ikajaa.

Kulikuwa na ila moja. Juu ya mlango, kwa upande wa ndani, jiwe la dari lilikuwa na ufa uliotoka ukutani hadi ukutani. Simba alimwambia Fisi aushughulikie, naye akaukandika udongo alioulowesha kwa maji ya kunywa ya watu wengine. Wateja hawakuuona, kwa sababu kila aingiaye pangoni hutazama mbele, na ufa ulikuwa nyuma ya kichwa chake.

Ikafika zamu ya Bi Ngiri. Alitoa sega lake, akasoma kibao, kisha akageuka na kuanza kuingia kwa matako.

"Shemeji, nyumba huangaliwa kwa mbele," alisema Fisi.

"Sisi ngiri huingia kinyumenyume, kaka. Meno yabaki mlangoni."

Aliingia taratibu, akipapasa ukuta kwa makalio, huku macho yake yakiangalia alikotoka. Akasimama.

"Ule udongo mbichi juu ya mlango ni wa nini?"

"Urembo."

"Mwaka huu? Ndege hana tope la kujengea kiota, halafu mtu amelitumia kwa urembo?"

Fisi alicheka kicheko chake kile, akambadilishia maneno. Akataja hewa safi, akataja mtaa wa watu wastaarabu, akasema bei ina maongezi. Mwisho akaweka sauti ya huruma. "Sikufichi, shemeji. Kuna mteja mwingine anakuja jioni. Ukinipa hicho kibuyu kama arubuni, nitamzuia. Kilichobaki utalipa kidogokidogo, wewe na watoto."

Bi Ngiri alitoka. Alitembea mpaka kwenye nyasi kavu, tumbo likamkaza, akakaa chini akalia. Hakulia kwa ajili ya bei. Alilia kwa sababu alikuwa anajua kabisa kwamba anaibiwa, na bado alikuwa anafikiria kukubali.

"Unanilowesha," ilisema sauti kutoka kwenye nyasi.

Alikuwa Sungura. Sungura hana shimo wala hajawahi kuwa nalo, hulala kwenye majani popote usingizi unapomkuta, na labda ndiyo sababu hakuna mnyama anayependa kutoa ushauri wa nyumba kama yeye. Bi Ngiri alimweleza yote, tangu sega hadi udongo mbichi.

"Kesho nitampa kibuyu," alimalizia. "Afadhali jiwe liniangukie mimi kuliko kuwaona wanangu wanaliwa."

"Usitoe kitu, dada. Nyumba huangaliwa asubuhi, ukarudi tena upepo unapovuma. Majirani huulizwa kabla ya mwenyewe. Na anayekuambia kuna mteja mwingine, mwambie amkimbilie huyo mteja."

"Wewe umenunua nyumba ngapi?"

"Hata moja. Kwa hiyo sijakosea."

Bi Ngiri alitaka kukasirika, akajikuta anatabasamu. Sungura akakuna sikio. Huruma hakuwa nayo nyingi, lakini hakupenda kusikia mbuga nzima ikimsifia mwingine kwa ujanja.

"Nyumba nzuri kuliko zote hapa Kiserera ni ya nani?" aliuliza.

"Ya Fisi mwenyewe. Muhanga aliichimba kabla ya ukame. Kavu, ina kina, ina mlango wa nyuma."

"Basi nunua hiyo."

"Fisi haiuzi."

"Hata ya Simba haiuzwi, imeandikwa mlangoni. Kaa na kibuyu chako, usimpe mtu."

Siku hiyohiyo Sungura alimpitia Fisi, akamkuta akilamba masega. Akamsalimia, akazungumzia joto, akazungumzia mbu, kisha akainuka kama anayeondoka.

"Nilikutana na Tembo kule ng'ambo ya bonde," alisema. "Aliniuliza kama lile pango la Simba bado lipo. Nilipomwambia lipo, alifurahi mpaka akapiga masikio. Anasema mwezi ukiandama atakuja."

Fisi aliacha kulamba. "Ana asali?"

"Sikumuuliza. Lakini akiusukuma mti wenye mzinga, nani anamzuia?"

Hakuna neno la uongo hapo. Sungura akaenda zake, na Fisi akabaki na hesabu zake. Akimletea Simba mteja, atapata cha juu tu. Pango likiwa lake, atapata cha chini, cha kati na cha juu, tena kwa Tembo ambaye hajui bei na hana haja ya kujua. Mate yakamdondoka. Hakujiuliza kama tembo anaingia pangoni, kwa sababu ulafi ukishampanda Fisi, maswali humtoka.

Alikwenda kwa Simba na vibuyu tisa, vyote vilivyotokana na ada za watu.

"Nimepata mnunuzi, Mheshimiwa, mtu mwaminifu sana. Ni mimi."

Simba alihesabu kwa jicho moja. "Hivi ni tisa."

"Nitamalizia mwezi ukiandama."

"Kumi ni kumi." Simba akaongeza maneno aliyoyasikia mara nyingi mlangoni pake, akiwa amejificha kichakani wateja wakipita. "Na kuna mteja mwingine anakuja jioni."

Maneno hayo Fisi ndiye aliyeyatunga. Alikuwa ameyasema kwa kila mnyama mwenye miguu, na alijua kwamba mteja huyo wa jioni hajawahi kuwepo. Lakini yalipoingia kwenye masikio yake mwenyewe aliyaamini palepale, akatoka mbio kutafuta kibuyu cha kumi. Na mbuga nzima, kibuyu kilichobaki kilikuwa kimoja.

Alimkuta Bi Ngiri ameegemea kichuguu.

"Shemeji, nina habari njema. Nauza shimo langu. Kibuyu kimoja tu, bei ya kutupa, twende sasa hivi."

Bi Ngiri alihisi tumbo linakaza tena, na moyo ukimwambia akimbie. Hakukimbia. "Nitalitazama kwanza," alisema.

Alimuuliza Nungunungu, jirani wa mpakani, kama shimo huingia maji. Nungunungu akasema haliingii, isipokuwa mwenyewe ana kelele. Bi Ngiri akaingia kinyumenyume hadi mwisho, akaangalia dari, akatokea mlango wa nyuma, akarudi akaingia tena kwa huo wa nyuma. Fisi alikuwa anarukaruka kama aliyekanyaga siafu, akiliangalia jua.

"Limenipendeza kidogo," alisema Bi Ngiri. "Lakini kuna nyumba nyingine nimeahidiwa kuonyeshwa jioni."

"Shemeji, nakusihi."

"Kibuyu kimoja, basi, kasoro sega ulilonitoza kwa lile pango. Na tukubaliane hapa mbele ya Nungunungu, ili kesho usije ukasema nimepanga tu, sikununua."

Fisi alikubali yote, akafungua kibuyu, akachota sega moja akamrudishia, kisha akakimbia na kilichobaki. Simba alilipokea pengo la sega kwa kunguruma kidogo, akasema ufalme una uvumilivu. Akaondoka na asali yake kuelekea mtoni akiwaambia wote njiani kwamba soko si gumu, watu tu hawajui kuuza. Huko mtoni alikuta simba wenyeji nao wanataja bei za enzi zao, na inasemekana bado wanabishana.

Bi Ngiri aliingia kwake kwa matako, akageuza meno mlangoni, na kabla jua halijazama alikuwa amezaa. Alipowahesabu wote wakiwa wazima, alilia tena, safari hii bila kumlowesha mtu.

Mwezi ukaandama. Fisi alifagia ukumbi, akaongeza udongo kwenye ufa, akasimama mlangoni ametabasamu mpaka masikioni. Tembo akaja kweli, ardhi ikitikisika.

"Karibu, Mheshimiwa, karibu. Ingia ndani uone ukumbi."

Tembo aliutazama mlango, akamtazama Fisi. "Niingie wapi humo, kijana? Mimi nimefuata lile jiwe la nyuma. Kote nilikopita sijaona jiwe linalokuna mgongo kama hili."

Akazunguka, akajiegemeza, akajikuna kulia, akajikuna kushoto, akifumba macho kwa raha. Udongo wa urembo ukaanza kudondoka. Fisi alipiga kelele kwamba nyumba ni ya mtu, lakini alikuwa amechelewa kuwa mtu mwenye nyumba. Jiwe la dari liliachia, likashuka, ukumbi ukajaa vumbi na mawe hadi mlangoni. Kilichobaki kimesimama ni kipande cha ukuta chenye maandishi ya mkaa, PANGO HILI HALIUZWI, na kwa mara ya kwanza yalikuwa kweli.

"Ahsante sana," alisema Tembo, akaondoka amepona.

Fisi alimtafuta Sungura hadi akampata kwenye majani. "Umenidanganya."

"Nilisema aliuliza kama lipo," alijibu Sungura. "Si lilikuwepo?"

Upepo wa baridi ulipoanza, Fisi alikwenda kubisha kwenye lile shimo alilolijua vizuri kuliko mtu yeyote. Ndani kulikuwa na joto, na sauti ndogondogo zilikuwa zinagombania ziwa la mama.

"Hodi, shemeji. Hata pale pembeni, karibu na mlango wa nyuma, pananitosha."

"Kuona ndani ni sega moja," alisema Bi Ngiri. "Mbele."

"Sina hata la kulamba."

"Basi soma hapo juu."

Fisi akainua macho. Mkaa ulikuwa bado mbichi: SHIMO HILI HALIUZWI. Chini yake, kwa herufi ndogo, palikuwa na nyongeza: Dalali, hatuna undugu.

Alisoma mara mbili, akitafuta njia ya kumweleza mtu kwamba kibao hicho ni cha kuwafukuza matapeli tu. Nami nilikuwa nimemfuata nyuma nikitaka kuwaona watoto, lakini nilipoyaona yale meno mlangoni niligeuka nikarudi nilikotoka, na hadithi nimeiacha palepale kizingitini.